Tisa Iliyojaa

Mwalimu Kabiru alikuwa na mdomo. Watu wa michezo ya kuigiza mjini Nakuru walimwogopa kuliko mvua ya siku ya onyesho, na walikuwa na sababu. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili, akastaafu, na badala ya kufuga kuku kama wastaafu wenzake akaanza kuandika katika gazeti dogo linalotoka kila Ijumaa, kurasa nane tu, nne zikiwa matangazo ya mbegu na ya mazishi. Safu yake aliiita "Kiti cha Tatu", kwa sababu hapo ndipo alipoketi siku zote: mstari wa mbele, kiti cha tatu kutoka mlangoni, ili akichoshwa atoke bila kukanyaga watu miguu.

Hakubagua pa kwenda. Vijana wa kanisa wakiigiza kule Bahati, yupo. Akina mama wa Elburgon wakiigiza habari za pombe haramu, yupo, na mto wake wa kukalia kwapani, maana viti vya plastiki vilimtesa kiuno. Aliwahi kuandika kwamba mwigizaji mmoja alikufa jukwaani mara tatu na hata mara moja hakuaminika. Aliwahi kuandika kwamba mwelekezi fulani angefaa zaidi kuelekeza magari. Waliotajwa walinuna, kisha wakaukata ukurasa wakauhifadhi.

Alichojivunia kuliko vyote ni sikio lake. Ungesema sentensi mbili mbele yake akakwambia ulizaliwa wapi, ulisomea wapi na nyanya yako alitoka upande gani wa mto. Hakuwahi kukosea, au tuseme hakuwahi kukubali kwamba amekosea, na kwa mtu wa namna yake hayo mawili ni kitu kimoja. Katika miaka yote ya "Kiti cha Tatu", neno "samahani" halikuwahi kupita kwenye kalamu yake.

Jumamosi moja mchana, kikundi kutoka Olenguruone kilishuka Nakuru kuonyesha mchezo wao katika ukumbi wa kanisa. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kawaida: kijiji, duka, ng'ombe aliyepotea, jirani anamshuku jirani, mwishowe wote wanapeana mikono na kuimba. Kabiru alikuwa ameona michezo kama huo zaidi ya ishirini tangu machafuko ya kikabila ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, na ilimkera. Jukwaani watu walipatana kwa saa moja na nusu, na nje ya ukumbi walikuwa bado wanaulizana majina kabla ya kuuziana shamba.

Mwenye duka katika mchezo alikuwa Mkikuyu. Ndivyo ilivyo katika michezo hii. Mwenye duka ni Mkikuyu kama vile chifu lazima awe na tumbo. Na anayemwigiza huwa ni kijana wa Kikalenjin anayepachika "l" kila palipo na "r", na ukumbi unavunjika mbavu. Kabiru, Mkikuyu mwenyewe, hakuudhika kwa ajili ya kabila. Aliudhika kwa ajili ya uvivu.

Lakini siku hiyo aliyetoka na aproni ya dukani alikuwa kijana mrefu, mwembamba, ambaye karatasi ya mchezo ilimtaja kuwa Weldon Kipkirui. Hakupachika "l" popote. Aliongea polepole, akafuta kaunta yake, akamsalimu mteja. Mteja alitaka mayai kumi. Kijana akaanza kuyahesabu kwa Kikikuyu, yai baada ya yai, akiyapanga kwenye bakuli: imwe, igiri, ithatu. Watu wakacheka. Alipofika saba alishusha sauti, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. La tisa akaliita kenda. Na la kumi alipoliweka, hakusema kumi. Alisema, "Kenda muiyuru."

Mwalimu Kabiru aliacha kutafuna biskuti yake.

Wakikuyu wa zamani hawakupenda kulitaja kumi. Saba waliitamka chini chini kwa sababu ina mkosi, na kumi waliikwepa kabisa wakasema kenda muiyuru, yaani tisa iliyojaa. Vijana wa siku hizi hawayajui hayo. Binti yake Kabiru mwenyewe, Kimberly, hayajui. Kabiru aliyasikia kwa nyanya yake kule Elburgon akihesabu viazi, na nyanya huyo alikuwa kaburini miaka arobaini sasa. Mwelekezi wa Olenguruone angeyatoa wapi? Neno kama hilo mtu hafundishwi mazoezini. Hulipata akiwa bado anapakatwa.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angenyamaza. Kabiru alirudi nyumbani akiwa amechangamka, akaketi mezani akaandika: "Kijana Weldon Kipkirui ndiye mwigizaji bora niliyemwona mwaka huu, nami nitawaambia siri yake. Alipofika kumi alisema tisa iliyojaa. Hilo halifundishwi. Kijana huyu hakujifunza kuwa mjukuu wa Mkikuyu. Amelelewa mapajani pa mmoja wao. Olenguruone wataniambia hapana. Sikio langu linawaambia ndiyo."

Wangui, mkewe, aliisoma kabla haijatumwa. Huwa anamsahihishia koma.

"Baba Kimberly," akasema, "huyu mtoto ni wa akina Kipkirui, Wakalenjin. Anaishi huko juu, Olenguruone. Umefikiria?"

"Si ninamsifu?"

"Kuna sifa zingine ni kama kumvua mtu nguo sokoni."

Kabiru akacheka, akaituma. Aliipenda sana ile sentensi ya sikio.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Kufikia Jumapili ukurasa ulikuwa umepigwa picha na kuzungushwa kwenye simu za watu mpaka juu kabisa ya milima ya Mau. Na Jumanne asubuhi mwanamke wa miaka sitini hivi alisimama langoni kwa Kabiru, sweta imefungwa vifungo mpaka shingoni, viatu vimejaa udongo mwekundu. Alikuja mikono mitupu. Watu wa huko juu hawaendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama ni kabichi moja, na Wangui alipoona hivyo aliacha vyombo akavuta kiti karibu na mlango wa jikoni.

"Mimi ni Chelangat," mgeni alisema alipoketishwa. "Mama Weldon."

Kabiru akafurahi, maskini. Akadhani ameletewa shukrani. "Mama Weldon! Karibu sana. Una kijana, mama. Wangui, leta chai."

"Chai nitakunywa nikijua kama umenisaidia ama umeniua."

Akaanza kueleza, macho yakiwa kwenye mikono yake. Januari ya 2008, yeye na mumewe Kosgei walikuwa wakitafuta ng'ombe wao baada ya nyumba za bonde la chini kuchomwa. Chini ya ua wa miti ya saiprasi walimkuta mtoto wa miaka minne au mitano, ameketi kando ya mwanamke mzee. "Alikuwa ameshika kidole yake. Huyo mama alikuwa ameshakufa, na si siku hiyo. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa ananyamaza tu, ameshika hiyo kidole."

Kosgei alimzika yule mzee hapohapo shambani kwao, nyuma ya zizi, bila kuambia mtu. Chelangat alimbeba mtoto nyumbani ndani ya shuka. Majirani waliambiwa ni mtoto wa dada yake aliyefariki Sotik. Wakampa jina, wakampeleka shule, umri ulipofika akaenda jandoni na wenzake akarudi na wenzake. Kosgei alikufa akimwita mwanangu.

"Na watu wake?" Kabiru aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nilienda kambi ya wakimbizi hapa Nakuru mara tatu, nikiuliza kama kuna mtu anatafuta mtoto. Mimi, na hii lafudhi yangu, wakati ule. Waliniangalia mpaka nikatoka mbio. Nikaenda kwa padre. Padre akaandika kwa kitabu. Hakuna mtu alikuja, Mwalimu. Miaka yote hiyo hakuna mtu alikuja."

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Hajui. Lakini Kipkoech sasa anajua."

Kipkoech alikuwa ndugu yake Kosgei. Tangu mazishi alikuwa akisema shamba la ndugu yake haliwezi kurithiwa na mtoto wa shemeji. Sasa alikuwa amekuja na simu mkononi, amesoma "Kiti cha Tatu" kwa sauti mbele ya boma zima, na ameita mkutano wa ukoo Jumamosi.

"Anasema nimefuga mtoto wa adui kwa shamba ya ndugu yake," Chelangat alisema. "Jumamosi watamfukuza. Na kama ni kufukuzwa tu ningeshukuru Mungu. Mwaka ujao ni wa kura. Wewe ni mtu wa hapa, unajua vile watu huwa mwaka wa kura." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Gazeti inatoka Ijumaa. Andika ulikosea."

Kabiru alivuta pumzi. Niseme ukweli kama ulivyo: kitu cha kwanza kilichomuuma hakikuwa yule mtoto. Kilikuwa ni lile neno, ulikosea.

"Mama, unataka niandike uongo."

"Kwani wewe hujawahi kukosea?"

Jikoni, Wangui akakohoa.

Kabiru akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Jambo la pili sasa lilikuwa limemfikia, na lilikuwa zito kuliko la kwanza. "Na kama kuna shangazi yake mahali? Mjomba? Kuna watu hapa Nakuru mpaka leo wanasoma majina ya waliopotea kanisani. Nikiandika nilikosea, nimemfungia mtu huyo mlango."

"Kama wako, wakuje wamkute yuko hai," Chelangat alisema. "Akifukuzwa, watamkuta wapi?"

Kabiru akasema ataandika.

"Bado iko nyingine. Weldon atakuja kukuuliza. Namjua. Akikuja, umwambie hiyo hiyo umeandika. Akijua, ataanza kutafuta, na akitafuta, kila mtu atajua. Niapie, Mwalimu."

Aliapa. Aliapa kwa jina la Mungu, akiwa amesimama, katika sebule yake mwenyewe. Hapo ndipo Chelangat alipokubali chai. Alikunywa vikombe viwili harakaharaka, akamshika Wangui mkono kwa mikono miwili, akaondoka.

Siku mbili Kabiru alihangaika na aya moja. Aliyezoea kuwachinja watu kwa sentensi fupi alishindwa kujikwaruza hata kidogo. Mwishowe ikatoka hivi: "Wiki iliyopita nilisikia kisichokuwapo. Nimeulizia nikaambiwa kijana Kipkirui alifundishwa kuhesabu na mama muuza viazi wa Molo, wiki mbili za mazoezi, jambo ambalo mwelekezi yeyote mwenye bidii hulifanya. Nilimzulia mtu ukoo kwa ajili ya kujionyesha. Samahani kwa Weldon Kipkirui, na samahani kwa familia yake."

Sue, mhariri wa gazeti, alimpigia simu papo hapo. "Mwalimu, uko sawa? Umesema samahani mara mbili."

"Zichape zote."

Jumamosi jioni Chelangat alipiga. Mkutano haukufika hata nusu saa. Wazee walisoma gazeti jipya, wakamgeukia Kipkoech wakamuuliza kama sasa ukoo utakuwa unaendeshwa na mwalimu wa Nakuru ambaye masikio yamemziba. Wakamcheka mpaka akaondoka. "Wamekucheka na wewe pia," Chelangat aliongeza. "Pole." Kabiru akasema si kitu, na ingawa kilikuwa kitu, usiku ule alilala fofofo. Alijiambia kwamba kumbe uongo nao una siku yake ya kufanya kazi nzuri.

Wiki mbili zikapita.

Alasiri moja Wangui alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na Kabiru alikuwa nje akifunga matawi ya mkarakara kwenye ua. Akasikia mtu anabisha lango. Alimtambua kabla hajasema neno, kwa urefu wake. Kijana alikuwa na faili ya plastiki kifuani.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Weldon. Wa mayai."

"Marahaba. Ingia, ingia."

Weldon hakutaka kuingia ndani. Waliketi kwenye benchi kando ya mkarakara. Alifungua faili, na ndani mlikuwa na kurasa mbili za gazeti, zimenyooshwa vizuri kama cheti.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza kitu moja tu. Ile siku nilisema ama sikusema?"

"Ulisema nini?"

"Wewe ndio uliandika nilisema. Halafu ukaandika kuna mama wa viazi alinifundisha. Mwalimu, hakuna mama wa viazi. Sijawahi fundishwa na mtu. Script ilikuwa imeandikwa 'anahesabu', basi. Kwa mazoezi nilikuwa nahesabu kwa Kiswahili. Siku ya show nikafungua mdomo ikatoka tu hivyo. Hata mimi nilishtuka."

Kabiru alishika kamba ya kufungia matawi, akaanza kuikunja.

"Kuna shosho, nyanya fulani, huwa namwona," Weldon akaendelea, na sasa aliongea haraka, kama mtu anayeogopa ataishiwa na ujasiri. "Tangu nikiwa mdogo sana. Ako na kitambaa ya manjano kwa kichwa. Ananiwekea viazi kwa mkono, moja moja, tunahesabu na yeye. Nilimwambia mama nikiwa class two. Akasema ni ndoto, ati nilishikwa na malaria mbaya nikiwa mtoto ikanichezea akili. Alikasirika, na mathe hakasirikangi. Kwa hivyo nikanyamaza. Nimekua nikijua kichwa yangu iko na shida mahali. Sijaambia mtu. Hata Cheruto, na tunataka kuoana, sijamwambia, nimwambie nini? Ati naona shosho?" Akaweka kidole juu ya ukurasa wa kwanza. "Hiyo Ijumaa nilisoma hii mpaka nikaishika kwa kichwa. Nililia, Mwalimu. Nilienda kwa zizi nikalia huko nyuma, peke yangu. Nilisema, kumbe alikuwa mtu. Kumbe mimi si mwendawazimu. Kuna mtu mwingine amesikia."

Akahamishia kidole kwenye ukurasa wa pili.

"Halafu wiki ingine ukasema umekosea."

Kabiru akaiacha kamba. Nyuma ya zizi. Kijana alikuwa amelia hatua mbili tatu kutoka kaburi la yule shosho, na hakujua. Na yeye Kabiru, mgeni kabisa, ambaye hajawahi kukanyaga boma lile, ndiye aliyejua. Alitamani kusema. Alitamani sana, maneno yalikuwa tayari yamefika kooni: alikuwa mtu, mwanangu, na ulimshika kidole. Kisha akamwona Chelangat ameketi sebuleni bila chai. Akamwona Kipkoech, ambaye hajawahi kumwona, akifungua simu. Akakumbuka kiapo. Miaka thelathini na miwili ya kufundisha Kiswahili, na hakupata neno hata moja la kuweka katikati ya ndiyo na hapana.

"Si umuulize mama yako?" akasema mwishowe.

"Nimemuuliza. Amesema nikuulize wewe."

Basi jibu lilikuwa limeachiwa yeye.

"Nilikosea, kijana," Kabiru alisema. "Ulisema ikumi, kama watu wote. Kikikuyu kiko kila mahali, redioni, sokoni. Uliokota tu mahali. Mengine niliyaongeza mimi. Sikio la mzee husikia linachokitaka."

Weldon alimtazama. Alikuwa mwigizaji, na mwigizaji hodari, na kwa muda Kabiru alidhani, na akatumaini, kwamba ataujua uigizaji alioonyeshwa. Pengine angemshika mabega amtikise. Pengine angesema Mwalimu, hiyo scene haujaiweza.

"Uko sure?"

"Nina hakika."

"Hakuna kitu ulisikia."

"Hakuna."

Kijana akatikisa kichwa taratibu, akakubali. Alizoea kuwaamini walimu. Alizitoa zile kurasa mbili kwenye faili, akazikunja, akazitazama kana kwamba hajui zimekuja kufanya nini mikononi mwake, akampa Kabiru. "Baki nazo."

"Weldon, wewe ni mwigizaji mzuri sana. Hilo sikukosea."

"Asante. Lakini nafikiri nitaacha. Mathe hapendi, na hizi vitu zinanirudisha kwa hizo ndoto."

Wakasindikizana mpaka langoni. Hapo kijana alimpa mkono, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtoto aliyefunzwa adabu, na alikuwa amefunzwa kweli, na mtu aliyemfunza alikuwa amefanya kazi nzuri. Macho yake yalikuwa na machozi lakini alitabasamu.

"Unajua kitu ilikuwa inaniuma, Mwalimu? Nilikuwa nafikiria kama alikuwa mtu, basi ako mahali ananingoja, na mimi siendi. Miaka hii yote siendi. Sasa kama hakuwa mtu, hakuna mwenye ananingoja. Ni afadhali, si ndio?"

"Ndiyo," Kabiru alisema. "Ni afadhali."

Akamfungulia lango. Kijana alishuka na barabara, mrefu, kichwa kimeinama, akapita kwa fundi wa baiskeli akakata kona. Kabiru alibaki amesimama palepale na kurasa zake mkononi. Wangui aliporudi kutoka kwaya alimkuta hapo, akaona ule mkarakara haujafungwa hata nusu.

"Nani alikuja?" akamuuliza.

"Hakuna mtu," akasema Mwalimu.